Kaskazi ikianza, makwapa yanapasuka: jibu kwa mama lishe wa Tanga

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, nina miaka 41. Tangu nikiwa na miaka 29 natokwa na malengelenge na nyufa kwenye makwapa, chini ya matiti na kwenye kinena. Kipindi cha baridi napata nafuu mpaka nasahau, ila Desemba mpaka Machi silali. Pananata, panatoa harufu, nikinyanyua mkono nasikia ngozi inachanika. Nimetibiwa fangasi miaka mingi. Nimepima UKIMWI mara tatu, sina. Mwaka jana hospitali moja walinikata kinyama, majibu yakaja ni Hailey-Hailey, wakasema hauna dawa, niendelee na krimu. Ile krimu ya mchanganyiko napaka kila siku, huu mwaka wa sita. Baba yangu ana miaka 72, naye alisumbuliwa na makwapa hivi hivi, watu wakasema karogwa. Naomba unisaidie: ugonjwa ukiamka nifanye nini? Na binti yangu wa miaka 19 ataurithi?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Miaka kumi na miwili ya kutibiwa fangasi usiyokuwa nayo, na kupima damu mara tatu kwa sababu ya macho ya watu, ni mzigo mkubwa. Nashukuru kwamba mtu hatimaye alikata kinyama, maana ugonjwa huu kwa macho matupu unafanana na mengi: fangasi za mikunjo, ukurutu, hata pemfigasi, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa wenye matibabu mazito.

Ulichoambiwa kwamba hauna dawa ni kweli nusu. Dawa ya kuung'oa haipo. Lakini kuamka kwake kunaweza kufupishwa kutoka wiki nyingi hadi siku chache, na kunaweza kuchelewa kurudi. Kwa hilo dawa zipo, na nyingi hazina bei kubwa.

Kwanza uujue, kwa sababu ukiujua utaacha mambo kadhaa unayoyafanya sasa. Ulielezwa mwaka 1939 na madaktari wawili ndugu wa Georgia, Marekani, Hugh na Howard Hailey, ndiyo maana jina linatajwa mara mbili. Mwaka 2000 ikatambuliwa jeni yenye hitilafu, inaitwa ATP2C1. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza pampu ndogo ndani ya seli za ngozi, inayosukuma madini ya kalsiamu hadi mahali ambapo vishikizo vya seli hukamilishwa. Pampu ikiwa dhaifu, vishikizo vinatoka dhaifu. Wewe ni wa Tanga, bila shaka umeziona nyumba za zamani za Pangani, kuta za mawe na chokaa. Mawe yapo, lakini chokaa katikati ikila chumvi na mvua inapukutika, mawe yanabaki yameegemeana tu. Ngozi yako chini ya hadubini iko hivyo hivyo. Wataalamu wa maabara huita picha ile ukuta wa matofali uliobomoka. Seli zako ni nzima. Kinachokosekana ni chokaa.

Sasa ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama miaka bila neno kama hakuna anayeusukuma. Wanaousukuma wako ni wanne: joto, jasho, msuguano, na vijidudu vinavyoingia kwenye ufa vikazuia usizibe. Kaskazi inawaleta wote pamoja. Kusi ikivuma, unapumua. Kwa hiyo hujarogwa, na mzee wako hakurogwa. Wala hukuambukizwa, na humwambukizi mtu ugonjwa huu kwa kulala naye, kwa kuvaa nguo moja, wala kwa kumpikia.

Niseme kuhusu krimu kabla sijafika mbali, kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi mkubwa zaidi. Ile ya mchanganyiko, mara nyingi ndani yake mna vitu vitatu: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki. Siku mbili za mwanzo inatuliza kweli, ndiyo maana watu wanaipenda na maduka ya dawa yanaitoa bila cheti. Lakini ngozi ya kwapa na kinena ni nyembamba na imefunikwa, kwa hiyo inanyonya dawa kuliko ngozi ya mkono. Ukipaka kila siku kwa miaka sita, steroidi inaikonda ngozi ambayo tayari haina chokaa. Angalia kwapani na mapajani karibu na kinena: ukiona michirizi mipana iliyozama, inayong'aa, au mishipa midogo inayoonekana kwa juu, hiyo ni kazi ya krimu, siyo ya ugonjwa. Na ile antibiotiki iliyomo, ikitumika kila siku bila kikomo, inawafundisha vijidudu kuizoea.

Ila usiikate ghafla kesho asubuhi. Ngozi iliyozoea steroidi miaka sita ikinyimwa kwa siku moja hulipiza kwa wekundu na kuwaka moto, nawe utadhani ugonjwa umezidi. Nenda kwa daktari au tabibu wa ngozi akubadilishie upate steroidi nyepesi peke yake, upake kila siku kwa muda, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha mara mbili kwa wiki, hadi uiache. Uliza pia kama kuna tacrolimus ya kupaka. Siyo steroidi, haikondeshi ngozi, na inafaa kwenye mikunjo. Bei yake ni ya juu na siku za kwanza inachoma kidogo, hasa ikipakwa penye kidonda, kwa hiyo huanzwa ngozi ikishaziba.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Ukiamka ufanye nini?

Wagonjwa wengi huanza kutibu siku wanapoona malengelenge. Siku hiyo umeshachelewa. Karibu kila mtu mwenye ugonjwa huu ana dalili yake ya mwanzo, na ninakuomba uitafute yako: wengine huwashwa mahali pamoja padogo kama pamepita siafu, wengine husikia joto kwapani jioni, wengine nguo inaanza kunata mahali palepale. Siku hiyo ndiyo ya kuanza. Siku mbili za mwanzo zina thamani kuliko wiki mbili za baadaye.

Osha kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, bila dodoki, bila sabuni ya kufulia, bila sabuni zenye manukato. Kausha kwa kugusa-gusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue. Kisha keti mbele ya feni, mkono umeuweka kichwani, dakika kumi. Usione ni jambo dogo. Kwapa lililokauka vizuri limekwisha kuwanyima vijidudu nusu ya chakula chao. Poda usitie, ikikutana na jasho inafanya madonge, na madonge yanakwangua.

Kama pameshaanza kulowa na kutoa maji, tumia pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya famasi. Nikueleze kwa makini maana wengi huharibu hapa. Ikiwa ni kidonge cha miligramu 400, kinayeyushwa kwenye maji lita 4. Ikiwa ni chengachenga, tia chache sana, koroga hadi ziyeyuke zote, kisha uangalie rangi kwenye chombo cheupe: iwe ya waridi ya mbali sana. Ikiwa zambarau, ni kali na itakuunguza, ongeza maji. Chenga moja isiyoyeyuka ikikaa kwenye kidonda inachoma kama kaa la moto. Chukua kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa na kupigwa pasi, kichovye, kikamue kidogo, kiweke kwapani au chini ya titi kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Ngozi na kucha zitapata rangi ya kahawia, itatoka yenyewe. Dawa hiyo ni sumu ikimezwa, ifiche mbali na watoto. Maji hayo yakikata, baada ya siku mbili tatu hivi, acha pamanganeti, maana ikiendelea inakausha mno na kuleta nyufa mpya.

Baada ya kukausha ndipo unapaka steroidi, ya kiwango cha kati, safu nyembamba, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi tu. Kipimo chake: kamua dawa kutoka pingili ya kwanza ya kidole cha shahada hadi nchani. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mkono wako. Kwapa moja halihitaji hata nusu yake. Kwa vijidudu, omba clindamycin ya kupaka. Kama panatoa usaha au maumivu yanapanda, mwombe daktari achukue sampuli kwa pamba ipelekwe maabara kabla hajaandika vidonge, tumechoka kukisia. Kidonge kinachotumiwa sana kwenye ugonjwa huu ni doxycycline, na faida yake ni kwamba mbali na kuua vijidudu inapoza uvimbe wenyewe, kwa hiyo wakati mwingine tunaitoa kwa wiki kadhaa. Meza na glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa, ujikinge na jua, na usiitumie kama una mimba au unaitafuta. Fangasi nayo inaweza kudandia juu ya nyufa. Vipimo vikionyesha, itibiwe, lakini kama mgeni aliyedandia, siyo kama mwenye nyumba.

Penye nyufa, kabla ya kuvaa, paka mafuta mazito yasiyo na manukato au marhamu ya zinki ili ngozi mbili zisikutane zikavu. Kama nguo inagandia kidonda, weka kwanza gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, yenye mafuta ya mgando. Usibandike plasta, ikibanduliwa itaondoka na ngozi. Ndimu, majivu, chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa: naomba visikaribie hapo. Liwa ni nzuri kwa mwili mzima, lakini siyo juu ya ngozi iliyopasuka. Deodoranti na wembe pia vipumzike. Nywele za kwapa zipunguze kwa mkasi.

Kuna jambo moja ambalo hupaswi kulisubiri hata usiku mmoja. Siku ukiona maumivu yamekuwa makali ghafla, si yale uliyoyazoea, na vimetokea vidonda vidogo vya duara vinavyolingana ukubwa, kama ngozi imetobolewa kwa ncha ya msumari, pengine na homa na tezi zilizovimba, hicho ni kirusi cha malengelenge ya mdomoni, hapisi, kimeingia kwenye nyufa. Kinasambaa kwa kasi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie kwa kinywa chako, "Nina Hailey-Hailey, naogopa hapisi imeingia," wakupe aciclovir. Usipake steroidi peke yake juu yake. Nimeona mgonjwa aliyeongezewa krimu siku nne mfululizo kwa kudhaniwa ugonjwa umechachamaa tu, akaishia kulazwa. Na mtu yeyote mwenye lengelenge la mdomo, hata kama ni mjukuu, asikubusu wakati ngozi yako iko wazi.

Kazi yako. Nimelifikiria hili kuliko yote, kwa sababu dawa zote nilizozitaja zitashindwa ikiwa kuanzia alfajiri hadi saa nane umesimama mbele ya majiko matatu ya mkaa mwezi wa Januari. Sikwambii uache kazi. Ndiyo inayolisha watu. Lakini panga majiko ili upepo wa asubuhi uupeleke moto upande mwingine na wewe ukae upepo unakotoka. Vile vinavyochemka muda mrefu, maharage na supu, vipikwe usiku wa manane kabla jua halijatoka, mchana vipashwe tu. Msaidizi akae motoni, wewe upakue na kupokea hela, hasa zile siku ulizoiona dalili ya mwanzo. Beba sidiria mbili na blauzi mbili, saa tano nenda nyuma ukajifute, ujikaushe, ubadilishe. Dakika saba hizo. Sidiria iwe ya pamba, pana, bila waya; chini ya titi weka kitambaa cha pamba kilichokunjwa kinywe jasho. Dera la pamba ni bora kuliko blauzi ya kubana ya nailoni. Kwa mapaja yanayosuguana, skintaiti fupi ya pamba, na kama mshono wake unakwangua, ivae nje ndani. Ukiwa na uzito mkubwa, kupungua kidogo kunapunguza msuguano, lakini usikubali mtu akwambie unene ndio uliokuletea. Wembamba wanao vilevile.

Kuhusu wateja: ugonjwa wako hauwaambukizi. Ila nikuambie na upande wa pili, kwa kuwa wewe unashika chakula. Siku kidonda kinapotoa usaha, ndani yake mna bakteria wanaoweza kuharibu chakula. Kifunike vizuri, nawa mikono kwa sabuni kila ukijigusa, na kama usaha ni mwingi, siku hizo mbili tatu mwachie mwingine kupika.

Harufu inatoka kwa vijidudu hao hao, haitoki kwa uchafu. Najua wanawake wenye ugonjwa huu wanaoga mara nne kwa siku na kujisugua hadi damu, wakiamini hawajatakata. Ukitibu vijidudu harufu inaondoka ndani ya siku chache. Na nyumbani, naomba mumeo asikie hili kutoka kwako au kwa daktari: kinena kikiwa kimepasuka, pumzikeni, kwa sababu msuguano unakurudisha nyuma, basi. Hakuna maradhi ya zinaa hapo, na hakuna anayemkimbia mwenzake.

Msimu wa kusi, ukiwa mzima, ndio wakati wa kuimarisha ukuta. Wapo wanaofaidika na kuoga maji yenye jiki kidogo mara mbili kwa wiki, ngozi ikiwa imeziba. Soma chupa: kama imeandikwa asilimia 3.5 na haina manukato, ni kijiko kimoja kikubwa, mililita 15, kwenye ndoo ya lita 10. Jimwagie mikunjoni dakika tano, kisha suuza. Usiichanganye na sabuni ya chooni wala dawa nyingine yoyote, na muulize kwanza daktari wako.

Kama pamoja na yote haya kaskazi ijayo bado itakulaza, kuna hatua za mbele ambazo una haki ya kuziuliza. Sindano za botulinum kwapani hupunguza jasho kwa miezi kadhaa, ni ghali. Naltrexone, dawa inayojulikana kwa kutibu uraibu kwa miligramu 50, imejaribiwa kwa dozi ndogo sana, kama miligramu 3 hadi 4.5, tangu mwaka 2017 zimechapishwa ripoti za wagonjwa wachache waliopata nafuu nzuri, na baadaye za wengine isiyowafaa. Ukiitumia huruhusiwi tramadol wala morphine, na lazima daktari yeyote atakayekufanyia upasuaji ajue. Leza na kukwangua ngozi kwa mashine huwasaidia baadhi ya watu kwa muda mrefu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi ninayaweka mwisho, kwa sababu ya makovu na doa. Na kidonda chochote kimoja kilichogoma kupona zaidi ya miezi miwili, kikawa kigumu au kimeinuka, kikatwe kinyama tena. Saratani juu ya ugonjwa huu ni nadra mno, ila haijawahi kuwa sifuri.

Usiende mbali kwanza. Uliza hospitali ya mkoa kama kuna tabibu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992, na wengi wako mikoani. Nenda na karatasi ya majibu ya kinyama. Muulize kama kilifanyiwa kipimo cha kung'arisha kingamwili (immunofluorescence), kwa kuwa hicho ndicho kinachoitenga Hailey-Hailey na pemfigasi: kwenye ugonjwa wako kinatoka hasi. Kama hakikufanyika na una vidonda mdomoni, jambo hilo lisisubiri. Piga picha za simu siku ugonjwa unapoamka, kwa maana siku ya miadi mara nyingi ngozi huwa imetulia na daktari haoni kitu.

Binti yako. Kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume, na ambaye hakuirithi jeni hiyo hawezi kuupitisha kwa wanawe. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 40, kwa hiyo kwa sasa hakuna kitu cha kumpima wala cha kumkataza. Aolewe, azae, afanye kazi aitakayo. Wengine katika ukoo mmoja hupata kidogo tu, kwapa moja, miaka michache. Mwambie ukweli kwa utulivu, mfundishe dalili ya mwanzo, na siku ikimtokea aanze pale wewe ulipofikia leo, siyo kwa miaka kumi na miwili ya dawa za fangasi.

Na kuna kitu kidogo unachoweza kukifanya wiki hii. Nyoosha vidole vyako dirishani penye mwanga uangalie kucha, hasa za dole gumba. Wengi wenye ugonjwa huu wana mistari myeupe myembamba inayoshuka kutoka kwenye shina la ukucha hadi nchani. Ukiiona, mwombe mzee naye anyooshe mikono yake. Akiwa nayo, mwambie wewe mwenyewe kilichomsumbua miaka yote hiyo kinaitwa nini.